Wakili mchague wewe, asikuchague yeye kitandani

Mwenda pole hajikwai, walisema wazee. Lakini katika barabara kuu ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, hata mwenda pole huangushwa na mwenda mbio. Mtu katoka zake dukani Kona ya Musa na unga wake mkononi, hana habari na ulimwengu, mara pikipiki iliyokuwa ikikimbilia kulipita gari imemzoa. Wasamaria wema humpakia katika tuktuk hadi kituo cha afya kilicho karibu, kisha hupelekwa hospitali ya rufaa ya Msambweni. Mfupa ukiwa umevunjika vibaya, huvushwa feri ya Likoni hadi Makadara, Mombasa.

Safari hiyo ya matibabu wakazi wengi wa Kwale wanaijua. Iko safari ya pili ambayo wachache wanaijua, nayo ni safari ya fidia. Katika safari hiyo majeruhi huweza kuumizwa mara ya pili, na safari hii asione damu wala kusikia mlio wa breki.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya mawakili na korti yanatafuta nini katika kurasa za afya? Jawabu ni kwamba kwa mtu aliyevunjika mguu, fidia ni sehemu ya tiba. Ndiyo itakayolipia upasuaji wa kutoa chuma kilichotiwa mfupani. Ndiyo itakayolipia mazoezi ya viungo, magongo, nauli za kliniki, na chakula cha watoto wakati mtafutaji wao amelala. Daktari hodari akiunga mfupa, na wakili mbaya akaila fidia, mgonjwa huyo hajapona.

DALALI WA WODINI

Kuna watu ambao kazi yao ni kuzunguka mahali penye majeruhi. Wengine huwaita mabroka, wengine madalali. Si mawakili, ingawa hupenda kuvaa tai na kubeba mkoba. Habari ya ajali huwafikia upesi kuliko inavyowafikia jamaa za aliyeumia, na wakati mwingine hufika wodini kabla ya mume au mama mzazi.

Maneno yao ni matamu. "Pole sana, mama. Usiwe na wasiwasi, tuna wakili wetu. Hutoi hata ndururu. Tia dole gumba hapa tu, mengine tuachie sisi." Mama wa watu yuko katika maumivu, amechomwa sindano ya kutuliza, macho mazito, hana hata miwani. Anatia dole. Karatasi ile huenda ikawa ni idhini ya kumpa kesi wakili ambaye hajapata kumwona. Huenda ikawa mapatano ya kugawana fidia. Huenda pia ikawa karatasi tupu, itakayojazwa baadaye kwa matakwa ya mwenye kuichukua.

Maoni ya makala haya ni mafupi: dole lililotiwa kitandani si uchaguzi. Majeruhi ndiye anayepaswa kumchagua wakili, tena akiwa na akili timamu na jamaa zake wakiwa karibu. Wakili anayemtuma mtu amwinde mgonjwa wodini amekwisha kuonyesha tabia yake kabla kesi haijaanza.

Yapo maneno ya kuwatetea madalali, na ni haki yasikizwe. Husemwa kwamba mkulima wa Kikoneni au mvuvi wa Gazi hajui njia ya kufika kwa wakili, na kwamba pasipo dalali angekosa kila kitu. Ni kweli kwamba ofisi nyingi za mawakili ziko Mombasa, na kwamba nauli ya kwenda na kurudi si kitu kidogo kwa mtu asiyefanya kazi. Lakini anayekuonyesha njia na anayekuuza njiani si mtu mmoja. Kama tatizo ni umbali, dawa yake ni kuwaelimisha watu na kuwasogezea huduma, si kuwaachia wagonjwa mikononi mwa wachuuzi.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, imeyakataza mambo haya waziwazi. Mtu asiye wakili haruhusiwi kufanya kazi ya uwakili. Wakili naye haruhusiwi kuwinda wateja kwa kutumia madalali, wala kugawana ada yake na mtu asiye wakili. Kwa hivyo dalali anayejigamba kwamba "ofisi itanikatia changu" anakiri makosa ya watu wawili.

Liko jambo jingine linalowashangaza wengi. Huko Marekani ni kawaida wakili wa majeruhi kuahidi kwamba usiposhinda hulipi, na ukishinda atachukua sehemu ya fidia, mara nyingi thuluthi. Hapa kwetu, Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya wakili kulipwa endapo tu kesi itashinda, wala ya ada kupanda na kushuka kwa kufuata ushindi. Ada za mawakili hufuata amri maalumu ya malipo, na mteja asiyeridhika na bili anaweza kutaka ipelekwe kortini ikakadiriwe. Hili halimzuii wakili mwenye huruma kumvumilia maskini alipe baadaye. Linalokataliwa ni kuifanya ada kuwa kamari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Korti imempa majeruhi Sh600,000, na kumwamuru mdaiwa alipe pia gharama za kesi Sh100,000. Jumla ni Sh700,000. Karatasi ya kitandani ilisema thuluthi ni ya ofisi na sehemu ya kumi ni ya aliyemleta mteja. Basi hukatwa Sh200,000, kisha Sh60,000, na zile Sh100,000 za gharama hazitajwi kabisa, ilhali zilitolewa ili kumpunguzia mteja mzigo wa kumlipa wakili wake. Majeruhi anarudi nyumbani na Sh340,000, chini ya nusu ya fedha zilizotolewa kwa jina lake. Mguu ni wake, lakini ulaji ni wa wengine.

KWANZA TIBA, KISHA KARATASI

Hakuna haja ya kumtafuta wakili siku ya ajali. Siku hiyo tafuta daktari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Kinachotakiwa siku zile za mwanzo ni kutunza ushahidi, na kazi hiyo inaweza kufanywa na jamaa yeyote mwenye akili tulivu.

Ripoti ajali katika kituo cha polisi na uandike nambari ya OB. Baadaye omba abstrakti ya polisi, kwani humo ndimo mnamoandikwa gari lililohusika na kampuni ya bima yake. Chukua fomu ya P3, ambayo polisi huitoa bure, ijazwe na daktari au afisa wa kliniki. Tunza karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitali, picha za eksirei, kadi za kliniki na kila risiti, hata ya bandeji. Mahakama zetu hazirudishi fedha za matibabu kwa kukisia. Shilingi isiyo na risiti mara nyingi ni shilingi iliyopotea.

Hapa pana jambo linalowahusu sana watu wa Pwani. Wapo wanaotoka hospitali mapema na kwenda kwa fundi wa kuunga viungo kijijini. Hatuwadharau mafundi hao, lakini hawaandiki cheti wala hawapigi eksirei. Mwenye jeraha la mfupa akiacha kliniki, huhatarisha mguu wake na pia hujikatia kamba ya ushahidi. Kampuni ya bima itauliza: kama uliumia vibaya hivyo, mbona hukurudi hospitali?

Vilevile, usikubali kumaliza madai kabla ya kujua umeumia kiasi gani. Mfupa wa muundi huchukua miezi kadhaa kuunga. Goti laweza kubaki gumu. Jeraha la kichwa laweza kuonyesha madhara yake baadaye, kama kusahausahau au kifafa. Ukitia sahihi hati ya kukubali malipo leo, kwa kawaida umefunga mlango. Chuma kikitaka kutolewa mwakani, utajilipia. Wakili mzuri huuliza, "Daktari amesema utapona lini, na ni matibabu gani yamebaki?" Gharama ya matibabu yajayo sharti idaiwe katika kesi na iungwe mkono na ripoti ya daktari. Haiji yenyewe.

MUDA HAUMNGOJI MGONJWA

Kungojea upone hakumaanishi kulala. Kwa ajali za kawaida, sheria inampa majeruhi miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madhara. Kama anayedaiwa ni Serikali, muda huo ni miezi 12 tu. Miaka 3 ni mirefu kwa anayengoja, na mifupi kwa aliyempa dalali karatasi zake zote kisha simu ya dalali ikazimwa.

Katika ajali ya gari, kesi hufunguliwa dhidi ya dereva na mwenye gari. Kampuni ya bima ndiyo inayotarajiwa kulipa, lakini Sura ya 405 ya sheria zetu, inayohusu bima ya magari kwa watu wengine, inataka kampuni hiyo ipewe notisi ya kesi katika muda uliowekwa. Wakili mzembe asiyetoa notisi anaweza kukushindia kesi, nawe ukabaki na hukumu mkononi kama picha ya samaki: yavutia, lakini hailiki. Sheria hiyohiyo imeweka kikomo cha Sh3,000,000 kwa madai ya mtu mmoja ambayo bima ya lazima inapaswa kuyabeba. Mwenye madhara makubwa zaidi ya hapo anahitaji wakili anayejua jinsi ya kumfuata mwenye gari kwa kiasi kinachobaki.

Kuchelewa kuna hatari nyingine. Nchi hii imeona makampuni ya bima yakianguka: Kenya National Assurance mwaka 1996, United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi, ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Waliokuwa na hukumu mifukoni walijikuta katika foleni. Kesi inayokokotwa bila sababu huweza kufika mwisho ikakuta mlipaji hayupo.

MASWALI YA KUMUULIZA WAKILI

Basi mtu amchague vipi? Anza kwa kuuliza watu ambao kesi zao zimekwisha, si zile zinazoendelea. Muulize jirani, imamu, padri, mwalimu au chama chenu cha akina mama: ni nani aliyekushughulikia, na fedha zilifika lini? Kisha nenda mwenyewe ofisini, au mtume jamaa unayemwamini, ukayaulize haya bila haya.

La kwanza, je, wewe ni wakili mwenye cheti cha mwaka huu? Cheti cha kufanya kazi ya uwakili hutolewa upya kila mwaka. Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kina orodha ya mawakili katika tovuti yake, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukutafutia jina hilo kwa dakika chache. Jina lisipoonekana, au likionyesha kwamba hana cheti, jiondokee.

La pili, kesi yangu utaishika wewe au utaipa mwingine? Majeruhi ana haki ya kumjua atakayesimama mbele ya hakimu wa Kwale au wa Mombasa kwa niaba yake. Akiambiwa "wakili ana shughuli, zungumza na karani" mara tatu mfululizo, hiyo ndiyo hali atakayoiishi kwa muda wote wa kesi.

La tatu, umepata kufanya kesi za namna hii? Anayejua kuandika mikataba ya mashamba si lazima ajue kusoma ripoti ya daktari inayosema majeruhi amepata ulemavu wa asilimia fulani, wala kubishana na daktari aliyeletwa na kampuni ya bima.

La nne, ada yako ni kiasi gani, na itaandikwa wapi? Gharama nyingine, kama ya kufungua kesi, ya ripoti ya daktari na ya kupata rekodi za mwenye gari kutoka NTSA, nani atazilipa? Na gharama ambazo mdaiwa ataamriwa kulipa zitahesabiwa vipi? Taka maandishi. Kama hujui kusoma, au Kiingereza kinakupiga chenga, mwambie akusomee kwa Kiswahili mbele ya shahidi wako, na upewe nakala yako.

La tano, fedha zikija zitaingia wapi? Kanuni zinamtaka wakili aweke fedha za wateja katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zake mwenyewe. Mwambie mapema kwamba utataka kuona barua ya kampuni ya bima inayoonyesha kiasi kilicholipwa, pamoja na hesabu ya kila kilichokatwa. Wakili mwaminifu hakasiriki kwa swali hili. Anayekasirika amekusaidia; umeokoa miaka yako.

La mwisho, anakuambia ukweli? Jihadhari na anayekuahidi milioni siku ya kwanza kabla hajasoma hata karatasi moja. Wakili mzuri wakati mwingine atakuambia jambo usilolipenda: kwamba nawe ulikuwa na sehemu ya makosa na fidia itapunguzwa, au kwamba pikipiki iliyokugonga haina bima na mwenyewe hana kitu. Daktari hamfichi mgonjwa ugonjwa wake, na wakili ni vivyo hivyo.

Na kama umekwisha kutia dole? Usikate tamaa. Mteja ana haki ya kubadilisha wakili, ingawa aliyefanya kazi ya haki atadai malipo ya kazi hiyo. Aliyedhulumiwa anaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Lipo pia jopo la nidhamu linaloweza kumsimamisha wakili au kumfuta kabisa katika orodha. Asiye na uwezo aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, shirika ambalo limewatetea wanyonge tangu miaka ya sabini.

WALIOUMIA KAZINI

Kusini mwa Pwani si ajali za barabara pekee. Yuko mpishi wa hoteli ya Diani aliyeungua mafuta, mchimba mawe aliyeangukiwa na tofali, na mkwezi aliyeajiriwa kuangua nazi akaanguka. Hawa njia yao ni nyingine, na wengi hupotezwa hapa kwa makusudi.

Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iitwayo WIBA kwa ufupi, madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kortini. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo mwezi Desemba 2019. Mwajiri anapaswa kuripoti ajali, na mfanyakazi asikae zaidi ya miezi 12 bila kumwarifu mwajiri, la sivyo haki yake yaweza kupotea. Aliyepata ulemavu kamili wa kudumu, fidia yake huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kumpinga Mkurugenzi, na baada ya jibu ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kwa hivyo mtu anayekuambia kwamba lazima kwanza mkimbilie kortini kwa jeraha la kazini, ama hajui sheria, ama anaijua vizuri kuliko unavyodhani.

WAJIBU WA HOSPITALI

Tumemwambia majeruhi mengi, lakini si haki mzigo wote aubebe yeye, na mguu umening'inizwa. Hospitali nazo zina wajibu. Wodi si soko. Mgeni anayeingia aulizwe amekuja kumwona nani, na mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anamjua. Habari za mgonjwa ni siri yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti. Mfanyakazi yeyote anayempigia dalali simu kwamba "leo wameletwa wawili" anaiuza siri hiyo, na achukuliwe hatua kama aliyeiba dawa katika stoo.

Lingefaa pia bango moja tu, kwa Kiswahili na Kidigo, ukutani mwa wodi ya mifupa na katika chumba cha dharura: USITIE SAHIHI WALA DOLE KWA MTU USIYEMJUA. UNA WAKATI. Bango hilo lingegharimu chini ya chupa chache za maji ya mishipani, na lingeokoa fedha za matibabu za watu wengi. Serikali ya kaunti na LSK wanaweza kulifanya hili bila kungoja sheria mpya, kwa maana sheria zipo.

Kwa jamaa wa majeruhi, kazi yenu ya kwanza ni kukaa karibu na kitanda. Atakapokuja mtu mwenye mkoba na maneno ya asali, mjibuni kwa adabu kwamba mgonjwa amelala, na kwamba akishapona atamtafuta wakili mwenyewe.